Mwenye stoma asiogope sahani wala kikombe

Wagonjwa wengi wenye stoma, yaani tundu lililofunguliwa tumboni kwa upasuaji ili choo kitokee kwenye mfuko uliobandikwa nje, hurudi kliniki wamekonda, na jibu lao ni moja: "Nikila, mfuko unajaa." Mwenye safari ya daladala hunywa chai ya rangi alfajiri, akashinda nayo hadi jioni. Lakini utumbo mtupu haunyamazi. Hutengeneza gesi, mfuko ukavimba kwa hewa. Afadhali ule kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na chakula cha jioni ukile mapema ili usiku ulale.

Mwenye stoma ya utumbo mpana, yaani kolostomi, kwa kawaida hurudia chakula cha familia taratibu; aangalie zaidi choo kisiwe kigumu. Ninayemhofia ni mwenye ileostomi, ile ya utumbo mwembamba. Utumbo mpana ndio unaofyonza sehemu kubwa ya maji na chumvi iliyobaki. Chakula kisipopita huko, maji na chumvi huishia mfukoni. Stoma iliyotulia hutoa kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Weka jagi lenye vipimo chooni, umwagie humo kabla ya kutupa, uandike. Ukipita lita moja na nusu, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo ndugu, kwa mapenzi yao, humletea mgonjwa maji matupu glasi baada ya glasi. Maji matupu mengi huvuta chumvi ya mwili kuingia utumboni, na mfuko huzidi kujaa. Mpeni ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, anywe kwa mafunda madogo. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu, visiwe na kilima. Dafu ni zuri, ila sodiamu yake ni ndogo. Halichukui nafasi ya ORS. Mwenye presha, moyo au figo amuulize daktari wake kwanza.

Wali, viazi, ugali wa sembe na ndizi mbivu husaidia choo kuwa kizito. Wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kaa mbali na makande: ganda la punje ya mahindi halisagiki tumboni, linaweza kuziba njia. Karanga, vipande vya nazi na embe lenye nyuzi vilevile. Baadaye jaribu kimoja kimoja, kidogo, ukitafuna hadi kiwe uji mdomoni.

Stoma ya ileostomi ikikaa saa 4 hadi 6 bila kutoa kitu, tumbo likisokota au ukitapika, acha kula, usinywe dawa ya kulainisha choo, nenda hospitali, hata kama ni usiku wa manane.