GDI si mkosi: maneno ya fraterniti yanayowanyima usingizi wanafunzi wetu

Majibu ya udahili wa vyuo vya Marekani yakishatoka, mwishoni mwa Machi, swali linalonifuata hapa Moshi si la viza wala la nauli. Ni hili: "Madam, nisipojiunga na fraterniti si nitaitwa GDI?" Fraterniti ni vyama vya wanafunzi wa kiume vya vyuo vya huko, sororiti ni vya wa kike; vingi vina majina ya herufi za Kigiriki na nyumba zao. Wanafunzi wangu wameokota maneno yake kwenye filamu na TikTok, na yanafika ofisini kwangu yakiwa yameshageuka hofu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Dhana kwamba GDI ni mtu aliyekataliwa ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie. Herufi hizo zinasimamia "God damned independent", yaani mwanafunzi asiye wa fraterniti wala sororiti yoyote, na laana imetiwa hapo kama chumvi tu. Wenye nyumba zao hulitumia kwa dharau, na wengine hulifupisha kuwa "geed". Ila wasiojiunga nao walilichukua wakalifanya lao, wakawa wanajiita hivyo kwa majigambo. Suala la kukataliwa halimo. Wengi wao hawakuwahi hata kushiriki "rush", zile siku ambazo wanachama na wanaotaka kujiunga hutembeleana na kupimana. Na katika vyuo vingi wasio na herufi ndio wengi, kwa hiyo huyo unayeogopa kuwa ni mwanafunzi wa kawaida kabisa.

Kinachonimaliza nguvu ni kwamba anayeniuliza mara nyingi ameomba chuo ambacho fraterniti hazipo. Vile vyuo vidogo vya kaskazini-mashariki, ambavyo wanafunzi wetu huvikimbilia kwa sababu ya msaada wa ada, ndivyo vilivyozifuta. Williams ilianza kuziondoa miaka ya 1960. Amherst iliacha kuzitambua mwaka 1984, na mwaka 2014 ikapiga marufuku hata zilizokuwa zikijiendesha nje ya chuo. Bowdoin ilifanya uamuzi mwaka 1997, na kufikia 2000 zikawa zimekwisha. Sasa wewe umeshika barua ya Bowdoin mkononi, halafu unakosa usingizi kwa kuogopa kuwa GDI! Huko wote ni GDI, nahodha wa timu akiwemo. Someni tovuti ya chuo, jamani, kabla ya kusoma maoni ya watu.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke: muhula wa kwanza usijiunge na kitu chochote chenye ada ya uanachama. Tafuta chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Tafuta kazi maktaba au jikoni kwenye bwalo. Viza ya F-1 inakuruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo. Mkiosha sufuria pamoja hadi usiku, mtajuana tu.

Wapo wanaoamini kwamba ukiitwa "pledge" umeshaingia. Bado. Umekubaliwa kujaribiwa, basi. Na kati ya watu wote wa pembezoni mwa nyumba hizo, mwenye kunitia hofu ni huyu, wala si GDI. Pennsylvania, Februari 2017, kijana wa miaka 19 alifariki baada ya kunyweshwa pombe nyingi usiku uleule alioanza kuwa pledge. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria: mateso ya kukaribisha wanachama wapya yakisababisha kifo au majeraha makubwa, ni kosa zito la jinai. Kwa hiyo mliopitia mateso ya unjuka, yaani ugeni wa shule, bwenini msiniambie ni utani wa shule tu. Ukilazimishwa kunywa, toka, hata kama begi lako limebaki ndani.

Kwamba mweusi hana nafasi, huo ni uongo. Alpha Phi Alpha ilianzishwa na wanafunzi weusi wa Cornell mwaka 1906. Alpha Kappa Alpha, sororiti ya Kamala Harris, ilizaliwa Howard mwaka 1908. Lakini huko herufi hazichezewi. Anayezivaa bila kuwa mwanachama huitwa "perp", na ataambiwa avue, tena si kwa upole. Kijana mmoja aliniletea picha ya nguo alizopanga kusafiri nazo: juu kabisa sweta jeusi la mtumba kutoka soko la Memorial, herufi tatu za dhahabu kifuani, limepigwa pasi likanyooka. Alikusudia kuripoti nalo chuoni! Nilimwambia amwachie mdogo wake.

Wazazi, nanyi mnaohofia kwamba vyama hivi vya herufi ni Frimasoni. Phi Beta Kappa, kilichotangulia kutumia herufi za Kigiriki, kilianzishwa na wanafunzi wa William & Mary kule Virginia mwaka 1776, na ni kweli kilikuwa cha siri. Leo ni chama cha heshima kwa waliofaulu sana, hakina nyumba ya sherehe wala kafara. Mtoto akialikwa, mchinjieni mbuzi.

Na "legacy" ni mtoto au ndugu wa mwanachama. Katika baadhi ya nyumba huangaliwa kwa jicho zuri zaidi, ila mlango haufunguki wenyewe. Mjomba aliyesoma Ohio na kupanga chumba jirani na nyumba ya fraterniti hahesabiki.