Je, wajua kwa nini kawandi, mfarishi wa viraka wa India, huanzia pindoni na kuishia katikati?

Mifarishi mingi ya nyumbani hufia ukingoni. Mtu hukusanya viraka miezi na miezi, akaviunga vikawa shuka moja kubwa ya rangi, akatandika blanketi kuukuu chini yake, akaweka kitambaa cha mgongo, akashona tabaka zote tatu hadi zikashikamana. Limebaki pindo tu. Hapo ndipo kazi inapoingia sandukuni, na kila ikitolewa kutazamwa kingo zimechambuka zaidi.

Wako washonaji ambao hawawezi kukwama hapo, kwa sababu pindo ndilo wanalolimaliza kwanza. Ni wanawake wa Kisidi wa jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, na mfarishi wao huitwa kawandi. Sindano huanzia kwenye pembe, ikafuata ukingo mpaka ikazunguka pande zote nne, halafu ikaingia mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, kisha wa tatu, hivyo hivyo kama mtu anayesuka mkeka wa duara kinyumenyume, hadi kitundu cha mwisho katikati kizibwe.

Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Mababu zao wengi walivushwa kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi, na wengi walifikishwa Goa na Wareno wakiwa watumwa. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya milima ya Western Ghats. Leo wajukuu zao wako wilaya ya Uttara Kannada, maeneo ya Yellapur, Haliyal na Mundgod. Wako Wahindu, Waislamu na Wakatoliki, na lugha zao ni Kikonkani na Kikannada. Ndugu zao wa Gujarat wana mchezo wa ngoma wanaouita goma, neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Ushonaji wa kawandi wenyewe ni ufundi wa huko huko India, na majirani zao hushona mifarishi ya aina hiyo inayoitwa kaudi. Lakini jinsi Wasidi wanavyopanga rangi, kiraka chekundu kikikaa ubavuni mwa cha kijani bila kuombana ruhusa, inamfanya mtu aliyekulia kati ya khanga na vitenge ajisikie yuko nyumbani. Mwaka 2004 wanawake hao walianzisha ushirika wa kushona na kuuza kazi zao, wakisaidiwa na Henry John Drewal, mtafiti wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani.

Kwa nini basi waanzie pindoni? Tuanze na tabia ya kitambaa chenyewe.

Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu wa jora, na za mshindio, zinazopita juu na chini ya mtande. Hakuna gundi humo. Kila uzi unashikwa na wenzake kwa kubanwa tu. Pembeni mwa jora mshindio hugeuka na kurudi, au ncha zake hufungwa, ndiyo maana ukingo ule wa kiwandani hauchambuki hata ukiuvuta. Ukipitisha mkasi mahali pengine popote, uzi wa mwisho unabaki hauna jirani wa upande wa pili. Ukifuliwa mara moja unatoka, unaofuata unakuwa ndiyo wa mwisho, nao unatoka. Na ukingo ndio unaovutwa usiku, ndio unaoshikwa wakati wa kuanika, ndio unaoburuzwa sakafuni. Kwa hiyo sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopata taabu kuliko zote.

Mifarishi ya Marekani na Uingereza hutibu jambo hili mwishoni. Tabaka tatu hupigwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, zisihame, kisha mshonaji huanza katikati na kwenda nje. Ana sababu nzuri. Kitambaa cha juu tayari ni kipande kimoja kizima, na kila mstari wa mshono hukisogeza kidogo. Akianzia pembeni, ulegevu wote husukumwa ndani, na akifika katikati anakuta kitambaa kimevimba, hakina pa kwenda ila kujikunja. Akianzia katikati, ulegevu hutokea nje, na kinachozidi anakikata. Baada ya kukata ndipo anavisha ukingo utepe. Mafundi wengi hupenda utepe huo ukatwe hanamu, yaani kwa mshazari wa nyuzi, na hili nalo lina maana. Ukingo ukikunjwa sambamba na nyuzi, uzi mmoja au miwili iliyo juu ya mkunjo ndiyo husuguliwa kila siku, nayo ikikatika pindo zima linafunguka. Ukikatwa hanamu, nyuzi nyingi hupita juu ya mkunjo kwa mshazari, kila moja ikibeba sehemu ndogo ya msuguano, na utepe unanyumbuka vizuri penye kona ya mviringo.

Njia hiyo ni imara, lakini inadai mambo ambayo nyumba nyingi hazina. Lazima viraka vyote viwepo kabla ya kuanza, kwa kuwa upande wa juu huungwa wote kwanza. Lazima pawe na sakafu au meza ya kutandaza tabaka tatu bila kukanyagwa na watoto. Lazima kibaki kitambaa kizuri cha utepe, mita kadhaa, wakati ambapo mtu ameshachoka.

Kawandi haidai hata kimoja, na jibu la swali letu limo humo. Mshonaji hutandaza sari kuukuu ya pamba, na sari hiyo ndiyo mgongo wa mfarishi na ndiyo kipimo chake. Hukunja ukingo wake kwa ndani. Huchukua kiraka, akakunja kingo zake nazo kwa ndani, akakilaza pembeni, mkunjo kwa mkunjo, akashona kwa mishono mifupi ya kuingiza na kutoa sindano. Kiraka kinachofuata hufunika ukingo wa kile cha kwanza, au huingizwa chini yake. Upande wa juu haujawahi kuwa kipande kimoja! Unazaliwa kiraka kwa kiraka, kila kimoja kikilazwa kikiwa kimenyooka juu ya sari pale tu sindano inapokaribia. Ndiyo maana kwenda kutoka nje kuja ndani hakuleti uvimbe katikati. Ulegevu hauna shuka ya kusafiria, kwa kuwa shuka bado haipo. Mishono ikivuta kitambaa kidogo, vinatokea vijimkunjo kama maji ya bahari yaliyotulia, na vijimkunjo hivyo ndivyo uzuri wa kawandi.

Ona pia inavyomfaa mtu anayetegemea mabaki. Leo ana shati la mtoto lililopasuka, anashona mzunguko mmoja. Mwezi ujao jirani anampa blauzi iliyochakaa, anaendelea. Hahitaji kujua rangi zitakazokuja. Kazi huwekwa mapajani, hukunjwa, huhifadhiwa, na popote inapoachwa kingo zake zimeshafungwa. Mimi naona hapa kuna akili kubwa kuliko inavyosifiwa: kazi ngumu na ya lazima inafanywa wakati mtu bado ana hamu nayo.

Hata hivyo kawandi haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka kila pembe ipate phula, yaani ua. Ni vipande vidogo vya mraba vinavyokunjwa hadi viwe pembetatu, vikapangwa tabaka juu ya tabaka, rangi juu ya rangi. Havishiki chochote, havizuii baridi. Lakini wenyewe husema kawandi isiyo na phula iko uchi.

Ukitaka kuelewa njia hii kwa mikono, anza na kitu kidogo, kwa mfano kitambaa cha kushikia sufuria. Mwombe fundi cherehani wa mtaani vipande vya vitenge vinavyoanguka chini ya mashine yake. Mafundi wengi hufurahi wakipunguziwa ule mfuko. Chagua vya pamba tu. Poliesta huyeyuka kwenye sufuria ya moto na kunata mkononi. Kama huna hakika, chomoa nyuzi chache uziwashe mbali na vitambaa vingine: pamba huacha jivu laini kama la karatasi, poliesta huacha kitone kigumu cheusi. Kisha fua vyote kabla ya kukata, hasa vyenye rangi nzito na khanga mpya, ili visije vikanywea au kuchujiana rangi baadaye.

Kata kipande cha mgongo sentimita 25 kwa 25. Kunja sentimita moja kila upande. Humo ndani, chini ya mikunjo, laza kipande cha taulo kuukuu, mara mbili kama ni jembamba, kwa kuwa hewa inayonaswa kwenye taulo ndiyo inayozuia moto usifike kiganjani. Kawandi nyingi hazina ujazo huu, lakini sufuria haina huruma. Sasa anza kwenye pembe na kiraka cha kwanza, mkunjo wake ukilingana na mkunjo wa mgongo. Mistari ya mishono iwe karibukaribu, kama upana wa kidole kidogo, na uzi usiuvute hadi kitambaa kikajikusanya.

Ukimaliza mzunguko wa kwanza, pindo lako limekwisha. Utahisi tofauti mara moja: kitambaa kinakaa mkononi kama kitu, hata kama katikati bado taulo linaonekana.

Kiraka kimoja tu ndicho kitakachokusumbua, cha mwisho. Vyote vilivyotangulia vilikuwa na upande mmoja au miwili iliyofichwa chini ya kinachofuata, ila hiki hakina kinachofuata. Kikunje pande zote nne, kipime mara mbili juu ya kitundu kilichobaki, na kiwe kikubwa kidogo kuliko unavyodhani. Wengi huweka hapo kipande walichokipenda kuliko vyote. Kizungushie mishono, kivushe katikati kwa mistari miwili mitatu, halafu piga fundo, pitisha sindano kati ya tabaka, vuta kidogo mpaka fundo lizame ndani, na ukate uzi pale unapotokea.