Ndege Kupotea Kwenye Rada: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ikipotea kwenye rada, imeanguka.
Hii ndiyo inayotia watu hofu bure. Ndege nyingi hutoka nje ya upeo wa rada kila siku na kutua salama salimini. Mawimbi ya rada huenda karibu mstari mnyoofu, ilhali dunia imepinda. Rada iliyo usawa wa bahari huweza kuiona ndege iliyo mita 10,000 angani hadi umbali wa kilomita 400 hivi. Ikishuka hadi mita 300, ikishavuka kilomita 70 tu imeshafichwa na mgongo wa dunia. Penye milima ni mapema zaidi.

Dhana: Dawa ni kuongeza nguvu ya mtambo.
Nguvu haipenyi mgongo wa dunia. Hata palipo wazi gharama ni kubwa: wimbi hufifia likienda, na mwangwi unaorudi kutoka kwenye ndege nao hufifia njiani, hivyo kupata mwangwi ule ule kutoka umbali maradufu kunahitaji nguvu mara 16.

Dhana: Rada yenyewe ndiyo inayoitambua ndege.
Jina la safari na kimo unavyoviona kwenye skrini hutoka kwa ndege. Rada huuliza kwa megahezi 1030, na transponda, kifaa cha redio kilicho ndani ya ndege, hujibu kwa 1090. Transponda ikinyamaza, kinachobaki ni mwangwi mtupu, tena pale tu penye rada ya msingi, yaani ile inayotegemea mwangwi pekee. Ndivyo ilivyokuwa kwa MH370, ndege ya abiria ya Malaysia, tarehe 8 Machi 2014: ilitoweka kwenye skrini za waongozaji wa kiraia, lakini kumbukumbu za rada ya kijeshi ya Malaysia zilionyesha mwendo wake hadi saa 8:22 usiku. Baada ya hapo zilibaki ishara za setilaiti peke yake.

Dhana: Baharini nako kuna rada.
Katikati ya bahari kuu hakuna. Rubani, au kompyuta ya ndege, hutoa taarifa ya mahali ilipo, na ndege huachiana nafasi kubwa. Tangu 2019 zipo setilaiti zinazopokea matangazo ya ndege zenyewe, lakini hiyo si rada.

Dhana: Rada huonyesha ndege ilipo sasa hivi.
Antena ya masafa marefu huchukua hata sekunde 12 kumaliza mzunguko mmoja. Ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa imeshasogea kilomita 3. Ikipita juu kabisa ya antena, nako haionekani.