Hifadhi ya kanisa inavyofanya kazi, na inapokwama

Wengi hudhani mtu akishavuka kizingiti cha kanisa, mkono wa serikali haumfiki tena. Haikuwa hivyo hata Uingereza ya zama za kati. Mhalifu alipewa siku 40 tu. Wenyeji walilazimika kulilinda kanisa usiku na mchana, na akitoroka, faini ilikuwa juu yao. Siku zikiisha naye bado amekaa, alinyimwa chakula mpaka atoke mwenyewe.

Njia zilikuwa mbili: ajitoe akahukumiwe, au aungame mbele ya afisa wa mfalme, yule yule aliyechunguza vifo, kisha aape kuihama nchi. Mali yake ilichukuliwa na mfalme. Alitajiwa bandari, akashika msalaba wa mti na kufuata barabara kuu. Akichepuka, aliyemkuta aliweza kumuua. Akikosa chombo, kila siku aliingia baharini hadi magotini kuonyesha kwamba nia ya kuvuka anayo. Mwaka 1624 Bunge likaufuta utaratibu wote.

Ujerumani ya leo ndiko ningemwelekeza anayetaka kujifunza. Sheria haiitambui hifadhi hii, na polisi wakitaka wanaweza kuingia. Wanaohifadhiwa sasa si wahalifu bali wageni wanaotakiwa kuondolewa nchini, na kesi nyingi ni za kanuni ya Dublin, inayoamua nchi ipi ya Ulaya isikilize ombi la ukimbizi: serikali ina miezi 6 kumrudisha mwombaji katika nchi inayohusika na ombi lake. Muda ukipita, Ujerumani yenyewe italisikiliza. Lakini akitoroka, miezi inakuwa 18. Kwa hiyo baraza la kanisa likishapiga kura kumpokea, barua inakwenda mara moja kwa idara ya wahamiaji ikitaja jina na anwani. Parokia inayomficha mgeni kwa nia njema humharibia kesi. Mwaka 2020 mahakama kuu ya utawala ilithibitisha kwamba anayejulikana alipo hajatoroka.

Kisha idara hiyo hutumiwa maelezo ya kesi, na hapa ndipo wengi hukosea: kurasa nyingi kuhusu hali mbaya ya kambi fulani, na mistari miwili kumhusu mtu mwenyewe. Kinachotakiwa ni shida yake binafsi, pamoja na vyeti vya daktari. Naye asitoke nje ya uwanja, hata kwenda dukani. Daktari ndiye aje.

Uholanzi sheria inawazuia polisi kuingia wakati ibada ikiendelea. Kanisa la Bethel mjini The Hague lilipohifadhi familia ya Kiarmenia, wachungaji walipokezana ibada bila kukatiza tangu Oktoba 2018 hadi mwisho wa Januari 2019, siku 96.

Marekani ilitegemea waraka wa ndani tu uliowaelekeza maafisa wa uhamiaji waepuke makanisa. Januari 2025 ukafutwa. Lililobaki ni kutenganisha ukumbi wa wote na vyumba vya faragha, na kumfundisha mlinzi wa mlango kusoma hati ya kukamata au kupekua anayokuja nayo afisa: isiyotiwa saini na hakimu haimruhusu afisa kuingia vyumbani bila ridhaa.