Kwa nini shanga zilezile huchora milia hapa na kuitawanya pale?

Tunga shanga kwa mpangilio mmoja usiobadilika: nyekundu, nyeupe, buluu, kisha nyekundu tena, mpaka uzi ujae. Zifume kwa sindano ya kroshia ziwe kamba ya mviringo, ile inayounganishwa ncha kwa ncha ikawa bangili. Ukiweka shanga 6 kwa kila mzunguko, utapata milia ya mshazari. Ukiweka 8, milia inalalia upande wa pili. Ukiweka 7, hakuna milia hata mmoja: rangi zimetawanyika, na ushanga haugusi mwenzake wa rangi yake popote.

Uzi ni uleule. Kilichobadilika ni baki, yaani kinachosalia ukigawanya namba kwa idadi ya rangi.

Kamba hiyo haina safu zinazoanza na kuisha. Ni mzunguko mmoja unaopanda bila kukatika, kwa hiyo kila ushanga una namba yake ya foleni. Tena shanga hukaa kwenye nafasi kati ya mbili za chini, kila moja ikizungukwa na majirani sita. Kwenye kamba ya shanga 6, juu ya ushanga wa 1 wanakaa wa 7 na wa 8. Gawanya 7 kwa rangi 3, baki ni 1, yaani nyekundu. Nyekundu juu ya nyekundu, mlia umeanza. Kwenye kamba ya 8, majirani wa juu ni wa 9 na wa 10. Sasa wa 10 ndiye mwekundu, naye yuko upande wa pili. Kwenye kamba ya 7 wanakuja wa 8 na wa 9, mweupe na wa buluu. Nyekundu imekosa pa kushika.

Ndiyo maana kuruka ushanga mmoja wakati wa kutunga huumiza sana. Baki zote zinazofuata husogea, na milia hukatika hapohapo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa rangi 7 kwenye kamba ya shanga 9. Chukua ushanga wa 20, wenye baki 6. Majirani zake ni wa 10, 11, 19, 21, 29 na 30. Ukizigawanya namba hizo kwa 7, baki ni 3, 4, 5, 0, 1 na 2. Kila rangi nyingine imefika, mara moja tu!

Hiyo 7 ina historia yake. Mwaka 1890 Mwingereza Percy Heawood alionyesha kwamba ramani yoyote iliyochorwa juu ya umbo la bangili inatosheka na rangi 7 ili nchi jirani zisifanane, na kwamba zipo ramani zinazozidai zote. Karatasi bapa, ambayo mtu angedhani ni rahisi zaidi, inatosheka na 4. Lakini uthibitisho wake ulisubiri hadi 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipoikabidhi kompyuta kazi ya kukagua.