Amri ya Kumi na Moja haikutungwa na Reagan

Kila msimu wa kura za mchujo Marekani, yaani za kuteua mgombea wa chama, wagombea wa chama cha Republican wanapoanza kurushiana maneno, hakosekani mtu wa kuwakumbusha "Amri ya Kumi na Moja": usimseme vibaya Mrepublican mwenzako. Inadaiwa aliitunga Ronald Reagan, rais wa zamani wa Marekani, na kwamba enzi zake chama kilikuwa kitu kimoja. Yote mawili si kweli.

Aliyeipa umaarufu ni Gaylord Parkinson, mwenyekiti wa chama jimboni California. Mwaka 1964 kambi za Warepublican wawili waliowania urais, Barry Goldwater na Nelson Rockefeller, ziliumizana sana kwenye mchujo wa jimbo hilo, na Novemba Goldwater akabwagwa vibaya na Lyndon Johnson wa chama cha Democratic. Parkinson hakutaka yajirudie 1966, Reagan alipowania tiketi ya chama ya ugavana wa California dhidi ya George Christopher, meya wa zamani wa San Francisco. Reagan aliishika amri hiyo, na naona ilimfaa zaidi yeye: alikuwa mwigizaji, mgeni wa siasa, rahisi kushambuliwa.

Mwaka 1976 akasimama kumng'oa Rais Gerald Ford, wa chama chake mwenyewe. Aliposhindwa kwenye majimbo ya mwanzo, aliishambulia waziwazi sera ya Ford kuhusu Mfereji wa Panama na maelewano na Wasovieti, akashinda North Carolina. Mkutano mkuu wa chama huko Kansas City, uliomteua mgombea, uliamuliwa kwa kura 1,187 za Ford dhidi ya 1,070 za Reagan. Ford aliponea chupuchupu, kisha akashindwa na Jimmy Carter wa Democratic kwenye uchaguzi wa urais.