33,550,336: namba timilifu ya tano

Kila nikifundisha nadharia ya namba huirudia 33,550,336. Namba hii ni timilifu: ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukaiacha yenyewe, unaipata ileile, kama 1, 2 na 3 zinavyoleta 6.

Wagiriki wa kale walizijua nne tu, yaani 6, 28, 496 na 8,128. Kwa kuwa zina tarakimu moja, mbili, tatu na nne, tena zinaishia kwa 6 na 8 kwa zamu, wengi walidhani utaratibu huo hauna mwisho. Ya tano iliuvunja, kwani ina tarakimu nane. Ya sita, 8,589,869,056, inaishia kwa 6 kama iliyoitangulia. Ibn Fallus, mwanahisabati wa karne ya 13, aliorodhesha namba kumi alizoziona kuwa timilifu, na saba za kwanza, hii ikiwamo, ni sahihi.

Msingi wa kuzipata namba hizi uliwekwa na Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale: zidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa, toa 1, na ukipata namba tasa, izidishe kwa nusu ya ile uliyoitolea 1. Mbili kwa kipeo cha 11 haifai, kwa sababu 2,047 ni zao la 23 na 89. Kipeo cha 13 kinatupa 8,191, nasi tunapaswa kuhakikisha kwamba ni tasa. Mtu angeweza kujaribu namba tasa zote 24 zisizozidi 90, kwa kuwa 91 mara 91 tayari inazidi 8,191, lakini Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba ya aina hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 26, yaani mara mbili ya kipeo 13, hivyo zinabaki mbili tu za kujaribu, 53 na 79. Ya kwanza inabakiza 29, ya pili 54. Kazi imekwisha, na kwangu hapa ndipo penye uzuri mkubwa kuliko pote.

Sasa zidisha 8,191 kwa 4,096. Vigawo vya zao hilo ni vya makundi mawili: 1, 2, 4 hadi 4,096, ambavyo jumla yake ni 8,191, na 8,191 ikizidishwa kwa 1, 2, 4 hadi 2,048, ambavyo jumla yake ni 8,191 mara 4,095. Ukiunganisha, unapata 8,191 mara 4,096.

Namba hii pia ni ya pembetatu, kwa kuwa ni jumla ya 1 hadi 8,191, na vilevile ni jumla ya vipeo vya tatu vya witiri zote kuanzia 1 hadi 127. Tarakimu zake zikijumlishwa zinaleta 28, ambayo nayo ni timilifu. Hiyo naihesabu kuwa sadfa ya kuandika kwa makumi, ingawa si sadfa kwamba 33,550,336 inabakiza 1 ikigawanywa kwa 9, kwa maana kila timilifu ya shufwa, isipokuwa 6, hufanya hivyo. Umbo lake halisi linaonekana katika kizio cha 2, yaani kuandika kwa 0 na 1 tu, ambamo huandikwa kwa moja 13 zikifuatwa na sifuri 12.